Intaneti ya wakaaji wenyewe: nani atashika ufunguo?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu baada ya uchaguzi, intaneti ilikatika katika Congo nzima. Hakukuwa na kebo iliyokatika wala antena iliyoanguka. Serikali iliomba makampuni ya simu yafunge, na makampuni yakafunga. Mshauri mmoja wa rais wa wakati ule alieleza kwamba ni kwa ajili ya usalama, kwa sababu matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kuzunguka katika mitandao ya kijamii. Karibu siku 20 zilipita mbele ya intaneti kurudi.

Huko Beni na Butembo jambo hilo lilikuwa na uchungu wa pekee. Wakaaji wa miji hiyo walikuwa hata hawajapiga kura, maana uchaguzi wao ulisogezwa hadi Machi 2019. Tena ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ulikuwa bado unaua watu katika mtaa baada ya mtaa. Watu ambao kura yao haikuwemo katika yale matokeo yaliyobishaniwa walizimiwa pamoja na wengine wote, wakati ambapo kupata habari ya kweli kulikuwa jambo la kuokoa maisha.

Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilifungwa inchi nzima. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano yaliyoitishwa na walei Wakatoliki, ilifungwa tena. Kila mara utaratibu ulikuwa ule ule: amri moja, makampuni machache, na inchi yenye ukubwa karibu sawa na Ulaya Magharibi inanyamaza.

Kwa sababu hiyo, kuna mjadala wa wataalamu wa teknolojia ambao wakaaji wa Kivu na Ituri wanapaswa kuusikiliza kuliko watu wa California wanaouanzisha. Ni mjadala juu ya intaneti isiyo na kituo kimoja, ambayo watumiaji wake ndio wenye mali. Ahadi hiyo ni ya kweli na Congo inaihitaji. Lakini mara nyingi inafika Goma, Bukavu na Bunia ikiwa imebebwa na wauza sarafu, na hapo maana yake inageuzwa. Kumiliki intaneti ni jambo la waya, antena, batri, kanuni na mtu anayeshika ufunguo. Kijiji kisichokuwa na hivyo vitu hakimiliki kitu, hata kama kila kijana wake ana sarafu ya kidijitali ndani ya simu.

Ahadi yenyewe ni nini

Mwenye anwani ya barua pepe ya Gmail anaweza kumwandikia mwenye anwani ya Yahoo, na wote wawili wanaweza kumwandikia profesa mwenye anwani ya chuo chake. Hakuna kampuni inayomiliki barua pepe. Kuna kanuni zinazojulikana na wote, na kila mmoja anachagua nyumba ya kukaa. Kampuni moja ikianguka, barua zinaendelea kupita kwa wengine.

Wavuti nao ulizaliwa hivyo. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia watu wote bila kudai malipo. Ndiyo maana hata leo mtu wa Uvira anaweza kufungua ukurasa wake bila kuomba ruhusa ya mtu wa Marekani.

Kisha mambo yakabadilika. Watu wengi wa mashariki mwa Congo hawakuingia katika wavuti ule wa wazi. Waliingia katika WhatsApp na Facebook, na kwa wengi neno "intaneti" lina maana ya programu hizo mbili. Zote mbili ni za kampuni moja, Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa la kiufundi ndani ya kampuni hiyo lilizima WhatsApp, Facebook na Instagram duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Biashara za Birere, vikundi vya kanisa, makundi ya familia yenye watu Kampala, Bruxelles na Montréal, vyote vilisimama pamoja. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Elon Musk alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, akabadilisha kanuni zake, baadaye hata jina. Mamilioni ya watu walioujenga mtandao huo kwa maneno yao hawakuulizwa.

Wanaotetea intaneti isiyo na kituo wanasema kwamba hali hii si lazima. Mfano wao ni Mastodon, programu iliyoanzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Inafanana na Twitter, lakini imegawanyika katika seva nyingi, kila moja na mwenyewe na kanuni zake, nazo zinazungumza kama barua pepe zinavyozungumza. Kanuni inayoziunganisha, ActivityPub, ilikubaliwa rasmi mwaka 2018 na shirika linalosimamia kanuni za wavuti, na kampuni yoyote au chama chochote kinaweza kuitumia bila kulipa. Mtumiaji asiyependa shefu wa seva yake anahama na wafuasi wake. Ndani ya Facebook, kuhama ni kupoteza watu wote.

Kwa Mkongomani, uwezo huo wa kuhama ni jambo kubwa. Kuanzia mwaka 2020, wenye simu walikatwa unite zao kwa ajili ya kodi ya RAM, daftari la simu za mkononi. Mama aliyenunua unite za kumpigia mtoto wake aliona zimepungua mbele hajapiga. Ilihitaji makelele ya wakaaji, ya mashirika ya raia na ya wabunge hadi kodi hiyo iondolewe mwaka 2022. Mteja wakati huo wote hakuwa na mahali pa kukimbilia, kwa sababu makampuni yote yalikuwa yanakata.

Sarafu haifungui mlango

Hapa ndipo wauza sarafu wanaingia. Wanasema: intaneti mpya inaitwa Web3, msingi wake ni blokcheni, nunua tokeni na utakuwa mmoja wa wenye mali. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Blokcheni ni daftari la hesabu ambalo nakala zake zinashikwa na kompyuta nyingi, na hakuna mmoja anayeweza kufuta mstari akiwa peke yake. Bitcoin inatembea hivyo tangu mwaka 2009, na hakuna serikali iliyoweza kuizima.

Kivu Kaskazini ina mfano wake. Tangu mwaka 2020, hifadhi ya Virunga inatumia umeme wa maji wa Luviro, upande wa Lubero, kuendesha kompyuta zinazochimba Bitcoin. Umeme ulikuwepo na wateja wa kutosha hawakuwepo, na watalii walikuwa hawaji tena kwa sababu ya Covid na ya vita. Sarafu zilizopatikana zikasaidia kulipa kazi za hifadhi. Ni akili nzuri ya biashara, na mtu asiidharau. Lakini mwenye umeme, mwenye mashine na mwenye sarafu ni wasimamizi wa hifadhi. Mkulima anayekaa karibu na mtambo huo hakupata sauti katika intaneti kwa sababu Bitcoin inachimbwa pembeni ya shamba lake. Daftari lisilo na shefu bado linahitaji mashine, na mashine ina mwenyewe.

Wakongomani wenye umri wanalikumbuka jina la Bindo. Mwaka 1991, watu wa Kinshasa walipeleka akiba yao kwake kwa ahadi ya kurudishiwa mara nyingi, na mchezo ulipoanguka familia nyingi zilibaki mikono mitupu. Leo ahadi ile ile inakuja kupitia kundi la WhatsApp, ikiwa na picha za chati na maneno ya Kiingereza. Hata wakubwa walianguka. FTX, moja ya masoko makubwa ya kripto duniani, ilifilisika Novemba 2022, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 ya gereza Machi 2024. Wateja wake waliamini wanashika pesa yao wenyewe. Kumbe waliiweka kwa mtu mmoja, ndani ya nyumba moja, kama katika benki ya kawaida, ila bila ulinzi ambao sheria inaweka juu ya benki.

Kenya nayo ilipata somo lake. Katikati ya mwaka 2023, maelfu ya watu walipiga foleni Nairobi ili macho yao yapigwe picha na mashine ya Worldcoin, nao wapewe sarafu. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo za mwili zifutwe. Mradi ulitangazwa kama mtandao wa watu wote, na tajiri na maskini wangekuwa sawa ndani yake. Lakini waliopiga foleni walitoa kitu kisichoweza kubadilishwa, jicho, wakapewa kitu ambacho bei yake inapanda na kushuka kila siku.

Kuna anayeuliza: na benki zilipofungwa Goma, sarafu hizi zisingesaidia? Swali ni la haki. Baada ya M23 kuingia mjini mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango. Mshahara ulikuwepo kwenye hesabu lakini haukushikika. Wakaaji wakabaki na pesa ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Noti zilipungua, na wenye kabini wakaomba malipo makubwa zaidi ili kutoa pesa taslimu. Waliokuwa na uwezo walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta noti.

Kwa wachache waliokuwa na jamaa ng'ambo na ujuzi wa kutosha, sarafu ya kidijitali ingeweza kupitisha pesa ambako benki haipiti. Lakini soko la Virunga halikubali Bitcoin kwa sombe na makala. Mwishoni mtu anahitaji noti, na noti iko kwa mwenye kabini. Simu ikiibwa na maneno ya siri yakapotea, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mtandao ukifungwa, sarafu nayo imelala. Shida ya Goma ilikuwa ukosefu wa noti na wa amani, na sarafu mpya haileti hata kimoja kati ya hivyo.

Umiliki unaanzia kwenye antena

Wakati wauza tokeni wanapiga kelele, watu wengine wamefanya kazi ya kimya ambayo iko karibu zaidi na ahadi. Wamejenga mitandao ya jamii. Kazi yenyewe si uchawi. Kikundi cha wakaaji kinanunua intaneti ya jumla kwa mtoaji mmoja mkubwa. Kinaweka antena kwenye kilima au juu ya shule, na kutoka hapo mawimbi ya Wi-Fi yanaruka nyumba hadi nyumba, kila antena ikimpokea jirani na kumpitisha mwingine. Umeme unatoka kwenye jua na batri. Seva ndogo inawekwa kijijini, na ndani yake vitabu vya shule, masomo ya afya, hata ujumbe wa ndani. Waya wa inje ukikatika, vilivyo ndani ya seva bado vinafunguka.

Kivu imeonja jambo hili. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, mtandao wa Pamoja Net ulileta intaneti mahali ambapo makampuni hayakuona faida. Bukavu nayo ilikuwa na jaribio la Mesh Bukavu. Majina hayo mawili yaliingia katika orodha ya mitandao ya jamii ya Afrika, pamoja na TunapandaNET ya Kibera, Nairobi, na BOSCO ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya LRA. Gulu ya wakati ule ilifanana sana na Masisi au Djugu ya leo: kambi, barabara mbaya, na vijana waliotaka kujua habari za kwao.

Mfano ulioenda mbali zaidi uko Mankosi, vijijini mwa Eastern Cape, Afrika Kusini. Unaitwa Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Ulianza mwaka 2012 kwa msaada wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, na mwaka 2014 wanakijiji waliandikisha kooperative yao. Antena ziliwekwa kwenye nyumba za watu waliochaguliwa na jamii. Umeme wa jua uliowasha antena uliwasha pia kazi ya kuchaji simu kwa malipo madogo, na pesa hiyo ikaingia kwenye sanduku la kooperative. Ulaya, mtandao wa guifi.net wa Catalonia, Uhispania, ulianza mwaka 2004 na wakaaji wa vijijini ambao makampuni yaliwasahau, na umefika zaidi ya vituo 35,000.

Sehemu hizi zote zina jambo moja la kufanana. Mtu anaweza kuonyesha kwa kidole kile anachomiliki: antena ile, batri hii, sanduku lile, mtu yule tuliyemchagua na ambaye mwaka ujao anaweza kuondolewa. Starlink, iliyokatazwa Congo Machi 2024 na kupewa leseni Mei 2025, inaweza kuleta intaneti ya haraka hata Walikale, na hilo ni jema. Lakini sahani iliyo juu ya nyumba ni ya mnunuzi, na ruhusa ya kuiwasha inatoka kwa kampuni moja. Zahanati inayoitegemea peke yake imebadilisha bwana, haijawa huru.

Kuna pia kazi ya ngazi ya mji. Kwa miaka mingi, mtu wa Himbi akimtumia barua pepe mtu wa Katindo, ujumbe huo uliweza kwenda Ulaya na kurudi, kwa sababu mitandao yao miwili haikukutana popote Goma. Safari hiyo inalipwa kwa dola, na mteja ndiye anayeilipa. Dawa yake ni kituo cha kubadilishana, mahali ambapo watoaji intaneti wanaunganisha nyaya zao bila kupita inje. Kinshasa ina chake, KINIX. Lubumbashi ina LUBIX, na Goma ina GOMIX. Hakuna anayevaa tisheti ya GOMIX wala kutangaza faida yake kwenye WhatsApp. Hata hivyo, kituo hicho kimoja, kikitumiwa na watoaji wote, kinasogeza intaneti kwa wakaaji kuliko tokeni elfu moja.

Likelemba nayo inahitaji mweka hazina

Wakongomani hawahitaji kufundishwa maana ya mali isiyo na shefu mmoja. Likelemba inafanya hivyo kila mwezi: kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu, hakuna benki katikati. Vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC vimeenda mbele zaidi. Sanduku lina kufuli kadhaa na funguo ziko kwa watu tofauti, ili mmoja asiweze kulifungua akiwa peke yake. Huo ndio mfumo ambao wataalamu wa kompyuta wanajaribu kuuandika katika programu zao, na akina mama wa Kivu wanaujua tayari.

Lakini kila aliyewahi kuwa katika likelemba anajua pia inavyovunjika. Mmoja anapokea zamu yake ya kwanza na kutoroka. Mweka hazina anachoka. Watu wanakuja siku ya kupokea na kukosa siku ya kutoa. Intaneti ya wakaaji ina magonjwa hayo hayo. Nani atapanda kilimani saa mbili usiku, mvua ikinyesha, kurudisha antena iliyoangushwa na upepo? Nani atalipa batri mpya baada ya miaka mitatu, wakati shirika lililofadhili limeshaondoka na gari zake zenye bendera? Mitandao mingi ya jamii Afrika ilikufa kwa swali hilo la pili. Seva za Mastodon nazo zinaendeshwa mara nyingi na mtu mmoja anayejitolea, na huyo akichoka, anafunga.

Kuna hatari nzito zaidi, na mashariki mwa Congo haiwezi kupitwa kimya. Maneno ya chuki yanaua hapa. Sauti ya sekunde 30 kwenye kundi la WhatsApp, ikisema kabila fulani limeonekana likija na mapanga, inaweza kuchoma kijiji mbele ya mtu yeyote kuhakikisha. Leo watu wanalalamika kwamba makampuni makubwa hayaelewi Kiswahili cha Congo, Kihema, Kilendu, Kinyarwanda wala Kinande, na hayafuti haraka. Katika mtandao usio na kituo, nani atafuta?

Jibu lililopo ni la nusu. Mwaka 2019, Gab, mtandao uliojulikana kwa kukaribisha maneno ya ubaguzi Marekani, ulichukua programu ya Mastodon na kuitumia. Hakuna aliyeweza kuukataza, kwa sababu programu ni ya wote. Lakini seva nyingi zilifunga milango yao kwake, na sauti yake ikabaki ndani ya nyumba yake. Ndivyo jirani anavyofanya na jirani mwenye fujo: hawezi kubomoa nyumba yake, anaweza kumfungia mlango. Njia hiyo inafanya kazi pale ambapo kila seva ina mtu mwenye akili na ujasiri kwenye mlango. Mahali ambapo mwenye seva ni mwenye bunduki, au anaogopa mwenye bunduki, mlango utafunguliwa kwa nani na kufungwa kwa nani?

Hilo linafika kwenye jambo ambalo wataalamu wa mbali wanalisahau. Antena ina mahali. Kilima kina anayekidhibiti. Mtandao wa kijiji wenye daftari la nani ameunganishwa saa ngapi ni zawadi kwa yeyote anayetafuta watu wa kukamata, awe amevaa sare ya serikali au ya kundi lenye silaha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtandao wa Kivu ingekuwa tofauti na ya Catalonia: kutoweka majina yasiyo ya lazima. Daftari lisiloandikwa haliwezi kuibiwa.

Serikali na wakaaji wanaweza kuanza wapi

Sheria ipo. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inaongoza mawasiliano, na kanuni ya kidijitali iliwekwa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Kinachohitajika ni mlango mdogo ndani ya nyumba hiyo kubwa. Kenya ilifungua mlango wa namna hiyo mwaka 2021, kwa kuweka leseni ya pekee ya mitandao ya jamii. ARPTC inaweza kufanya vile: kibali cha bei ndogo, fomu ya ukurasa mmoja, ili kooperative ya kahawa ya Idjwi au shule ya Minembwe isichukuliwe kama kampuni yenye mamilioni ya wateja.

Pesa nayo ina njia. Mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, uliwekwa ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara haifiki. Ni halali sehemu yake iende kwa vikundi vya wakaaji wenyewe, isiishie kwa makampuni yanayojenga mnara mmoja, kupiga picha na kuondoka. Vyuo vya ufundi vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia vina vijana wanaojua kutengeneza antena. Kinachokosekana ni kazi ya kuwapa baada ya diploma.

Na swali la kuzima halitatoka mpaka liandikwe. Kabla ya kila uchaguzi, Bunge linaweza kudai kwamba amri ya kufunga intaneti itolewe kwa maandishi, iwe na sababu, iwe na siku ya mwisho, na jaji aweze kuitazama. Mitandao midogo haitamaliza tatizo hilo, kwa sababu nayo inanunua intaneti kutoka kwa wakubwa. Itapunguza maumivu tu. Mpango kama Briar, unaopitisha ujumbe simu kwa simu kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti, unasaidia watu walio karibu, sokoni au katika mtaa mmoja. Hauunganishi Uvira na Kinshasa.

Kwa mkaaji wa kawaida, hatua ya kwanza haina gharama. Anayeambiwa kwamba mradi fulani ni "intaneti ya watu wote" aulize maswali manne ambayo mwanamemba yeyote wa AVEC anayajua. Mali hiyo iko wapi, ili ionekane kwa macho? Funguo ziko kwa watu wangapi? Tukimkataa mwenye ufunguo, tunamtoaje? Na mtu akitaka kuondoka, anaondoka na nini? Muuza sarafu asiyeweza kujibu hata swali moja hana intaneti ya kugawa, anatafuta wateja.

Coltan ya Rubaya iko ndani ya simu za dunia nzima, na waliochimba wengi wao hawana mega za kufungua ukurasa mmoja. Haki hiyo haitarekebishwa na antena peke yake. Lakini kijiji kinachoweza kuchagua mweka hazina, kununua batri kwa mchango na kumtoa anayekula pesa, kimeshafanya sehemu ngumu ya kazi. Waya ndiyo iliyobaki.